Mzazi ni Nani katika Fomu ya Msaada wa Chuo Nchini Marekani?

Mwanafunzi anayeomba msaada wa serikali ya Marekani kwa masomo ya chuo hujaza fomu iitwayo FAFSA. Humo huwekwa katika kundi mojawapo: tegemezi, ambaye kipato cha wazazi wake huhesabiwa, au anayejitegemea, asiyedaiwa taarifa za wazazi.

Kupanga chumba na kujilipia ada hakumfanyi kijana ajitegemee kisheria. Wanaotambuliwa hivyo ni pamoja na aliyeoa au kuolewa, anayesomea uzamili au uzamivu, aliyefiwa na wazazi wote wawili, na, kwa mwaka wa masomo 2025–2026, aliyezaliwa kabla ya Januari 1, 2002.

Familia zetu hujikwaa kwenye neno “mzazi”. Kwetu baba mdogo ni baba. Katika fomu hii, mzazi ni aliyekuzaa au aliyekuasili kisheria. Kwa hiyo, kipato cha baba mdogo aliyekulea hakiandikwi mahali pa mzazi. Ikiwa mahakama ya jimbo unakoishi ilimpa ulezi wako ungali mtoto, wewe wahesabiwa kuwa unajitegemea.

Je, hakuna hati ya mahakama, nawe ni mkimbizi uliyetenganishwa na wazazi? Eleza hali hiyo katika fomu, kisha upeleke uthibitisho kwenye ofisi ya misaada ya chuo. Sheria inakiruhusu chuo kukuhesabu unajitegemea, na uamuzi ni wa chuo chenyewe.

Atiaye sahihi anathibitisha ukweli wa aliyoyaandika. Heshima kwa mlezi haidai aandikwe mahali pasipo pake.