Simu Ni ya Nani?

Yako maswali ambayo huonekana kuwa ni ya mafundi peke yao, kumbe ndani yake yamefichwa mambo ya haki na uhuru. Mojawapo ni hili: mtu akishalipia laini ya simu, je, anayo ruhusa ya kuiunganisha na chombo akitakacho?

Siku hizi ofisi nyingi, hata zile za watu watano au sita, zinaachana na swichibodi ya ukutani na kujiunga na huduma ya simu inayopita katika intaneti. Mitambo ya huduma hiyo iko mbali, pengine katika nchi nyingine kabisa, na ndiyo maana watu wameizoea kuiita huduma ya wingu. Mwenye ofisi huletewa orodha ya simu zinazokubaliwa. Zilizomo zitafanya kazi. Zisizomo, shauri lake. Kazi yangu ya kununua vifaa vya ofisi hapa Dar es Salaam imenikutanisha na orodha za namna hiyo mara nyingi, na kila ninapoisoma moja hunijia fikra kwamba karatasi hii ina ukoo mrefu, na ukoo huo wafaa kujulikana.

Ukoo wenyewe unaanzia Marekani. Kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini, simu iliyokaa sebuleni mwa Mmarekani haikuwa mali yake. Kampuni ya AT&T ndiyo iliyotawala nyaya na mitambo katika sehemu kubwa ya nchi, na chombo chenyewe kilitengenezwa na Western Electric, kampuni iliyokuwa chini yake. Mwenye nyumba alikilipia kodi mwezi baada ya mwezi, miaka nenda miaka rudi. Kanuni za huduma zilimkataza kabisa kuunganisha chombo chochote ambacho hakikutolewa na kampuni. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Walisema kwamba chombo kibovu kinaweza kupeleka umeme mkali katika waya, kikamdhuru fundi aliye juu ya nguzo au kuharibu mazungumzo ya majirani. Mtandao ni kama kisima cha kijiji: mmoja akitia uchafu, wote hunywa uchafu.

Lakini hoja njema ikiachiwa bila mipaka huota pembe. Kilikuwapo kifaa kidogo kilichoitwa Hush-A-Phone, kikombe cha kuvisha mdomo wa mkonga wa simu ili anayezungumza asisikiwe na walio chumbani. Hakikuwa na waya wala umeme. Hata hivyo AT&T ilikipiga marufuku. Wenye kifaa walipeleka malalamiko mwaka 1948 mbele ya tume ya serikali inayosimamia mawasiliano, na mwaka 1955 tume ikakubaliana na kampuni. Ilibidi waende mahakama ya rufani mjini Washington, ambayo mwaka 1956 iliutengua uamuzi ule. Majaji waliona kwamba mtu ana haki ya kuitumia simu yake kwa namna inayomfaa yeye, maadamu hawadhuru wengine. Tena walitambua kuwa mtu anaweza kuziba mdomo wa simu kwa kiganja chake akapata jambo lile lile. Hebu fikiri, msomaji: miaka minane ya kesi kwa ajili ya kikombe!

Mlango uliofunguliwa na kikombe ulipanuliwa na Thomas Carter wa Texas. Huyu alitengeneza chombo kilichoitwa Carterfone, cha kumwezesha mtu aliye na redio ya upepo huko mbali, kama vile katika visima vya mafuta, kuzungumza na mtu aliye kwenye simu ya kawaida. Mkonga wa simu uliwekwa juu ya chombo hicho na sauti ikapita, bila waya wa Carter kugusana na waya wa kampuni. Kati ya mwaka 1959 na 1966 aliuza takriban vyombo 3,500. AT&T ikawaonya wateja kwamba wanavunja kanuni. Carter akaenda mahakamani, shauri likafikishwa mbele ya tume, na tarehe 26 Juni 1968 tume ikaamua kwamba kanuni zile za kukataza kila chombo cha nje hazikuwa za haki wala halali.

Watu wengi hudhani hadithi inaishia hapo. Haikuishia hapo. Kampuni ilikubali vyombo vya nje, lakini ikataka kila kimoja kipitie katika kisanduku cha kinga, na kisanduku hicho kilipatikana kwa kukikodi kwake. Hakimu amekupa ng'ombe, jirani ameshika kamba! Ilikuwa mpaka mwaka 1975 ndipo tume ilipopitisha utaratibu mpya: viwango vya ufundi vikatangazwa, mtengenezaji akapimiwa na kusajiliwa chombo chake, na plagi ndogo ya namna moja ikatumiwa na wote. Kesi zikafuata tena, na utaratibu ukashika nguvu kamili miaka michache baadaye. Baada ya hapo madukani yakajaa mashine za kupokea ujumbe, mashine za faksi, simu zisizo na waya, na modemu ambazo watu wa kawaida walizitumia kuunganisha kompyuta zao na dunia.

Jambo ninalolitazama sana katika historia hii ni kwamba ushindi haukuwa wa kila mtu kufanya apendavyo. Mitambo iliendelea kulindwa. Kilichobadilika ni kwamba ruhusa ya mwenye waya ilibadilishwa na kiwango kilichoandikwa wazi, ambacho yeyote anaweza kukisoma na kukitimiza. Uingereza nayo ilipofungua soko lake katika miaka ya 1980, vyombo vilivyoidhinishwa vilibandikwa alama ya duara la kijani, na visivyoidhinishwa pembetatu nyekundu. Mnunuzi alitazama alama, hakuhitaji kumbembeleza mtu.

Kwetu Afrika Mashariki swali hili lilichelewa kuulizwa, kwa sababu ya dhiki. Baada ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977, kila nchi ilibaki na shirika lake la posta na simu. Tanzania ilitenganisha posta na simu, na TTCL ikaanza kazi mwaka 1994. Kenya ilifanya hivyo mwaka 1999. Katika miaka ile mtu aliweza kuomba laini akaisubiri mpaka akaisahau. Anayesubiri maji hachagui rangi ya ndoo. Tulilijua swali la kufungwa kwa chombo baadaye, zilipokuja simu za mkononi: mtu alitumiwa simu nzuri na ndugu yake aliyeko Ulaya, akatia kadi, simu ikagoma kwa kuwa ilikuwa imefungwa kwa kampuni ya huko. Mafundi wa Kariakoo walijipatia riziki kwa kuzifungua.

Wakati huo wataalamu wa intaneti walikuwa wakifanya kazi iliyofanana na ile ya mwaka 1975. Mwaka 1999 walitangaza itifaki iitwayo SIP, yaani kanuni ambazo kwazo chombo kimoja hukiita kingine, kikaitika, na mazungumzo yakafungwa. Mwaka 2002 wakaitoa tena ikiwa imetengenezwa vizuri zaidi. Ni kanuni iliyo wazi kwa kila mtengenezaji. Kwetu ilihitaji barabara, maana sauti ya intaneti iliyopanda hadi setilaiti iliyoko kilomita 36,000 juu na kushuka tena ilimfanya msemaji asubiri jibu kama mtu anayepiga kelele bondeni. Mkonga wa baharini wa SEACOM ulipofika pwani yetu Julai 2009, kikwazo hicho kilianza kuondoka.

Basi, mtu anayechagua simu za ofisi leo atazame nini? Kwanza, kwamba chombo kinafuata SIP kikamilifu. Pili, namna zake za kuifunga sauti: G.711 hutaka kilobiti 64 kwa sekunde kabla ya mizigo mingine ya njiani, G.729 hutosheka na 8, nayo G.722 hutoa sauti pana inayokaribia ya ana kwa ana. Huduma na simu zisipokuwa na namna moja ya pamoja, zitaitana bila kuelewana. Tatu, umeme. Simu ya zamani ililishwa volti zipatazo 48 na betri za kituo cha simu, ikaita hata mtaa ukiwa gizani. Simu ya wingu hunyamaza pamoja na ruta yake. Zipo zinazopokea umeme katika waya ule ule wa mtandao, kwa kiwango kilichotolewa mwaka 2003, na hizo ni nafuu kwetu, maana betri moja kwenye swichi hutunza simu zote wakati wa mgao. Nne, mashine ya faksi au simu ya mlinzi getini isitupwe haraka. Ipo adapta ya kuiunganisha.

La tano ndilo la Carter. Naijua ofisi moja iliyonunua simu kumi na mbili kwa fedha zake. Ilipotaka kuhamia huduma nyingine ikakuta kila simu imefungwa kwa nywila, na aliyeziuza hakuwa tayari kuitoa. Simu zilikuwa nzima kabisa, lakini ziligeuka mapambo ya meza. Wenye huduma wana hoja yao, nayo nayaheshimu: wezi hupenya katika simu zilizosanidiwa vibaya, wakapiga simu za nje usiku kucha kwa gharama ya mwenye ofisi. Ndiyo hoja ile ile ya fundi juu ya nguzo. Ina ukweli, na ina mpaka.

Kwa hiyo siichukii orodha. Orodha inayosema, hizi tumezijaribu na tutakusaidia zikikwama, ni msaada wa kweli kwa mnunuzi asiye fundi. Kufuli ni jambo jingine. Kabla ya kutia saini, uliza swali moja kwa lugha nyepesi: nikihama, simu hizi zitahama nami? Jibu liandikwe katika mkataba. Wenzetu walihitaji kesi ya miaka minane ili kupata haki ya kuvisha kikombe kwenye simu. Sisi twaweza kuilinda haki hiyo kwa mstari mmoja wa wino.