Wosia wa Sewa Haji: aliyefia Unguja akaacha nyumba Bagamoyo

Wadau, ukitaka kuona watu wanabadilisha mada haraka, taja wosia. Kwetu kuandika wosia ni kujichuria, ndivyo tulivyolelewa. Ndugu akiwa ughaibuni ndiyo balaa zaidi: anapiga simu kuulizia kiwanja chake cha Mapinga au Kerege, tunamjibu msingi umeshachimbwa, lakini nani athubutu kumuuliza "na ukifa je?"

Lakini pwani hii ina historia ndefu ya watu waliofia upande mmoja wa bahari huku mali zao ziko upande wa pili. Leo nawaletea wawili. Mmoja alijipanga mapema, mwingine aliishia kudai miaka nenda miaka rudi.

Wa kwanza ni Sewa Haji Paroo. Alizaliwa mwaka 1851 hapa hapa pwani, katika familia ya Makhoja wenye asili ya Kutch, India. Biashara ya familia ilikuwa Unguja na Bagamoyo: pembe za ndovu zinatoka bara, nguo, shanga na waya vinakwenda bara, na katikati ni wapagazi. Stanley alipofika Bagamoyo mwaka 1871 kutafuta wapagazi wa safari ya kumtafuta Livingstone, alimkuta kijana huyu, miaka kama 20 tu, na kwenye kitabu chake anamlalamikia sana kwa ujanja wa biashara. Kwa hiyo tusimfanye malaika. Utajiri wake ulibebwa mabegani mwa watu waliotembea miezi kadhaa hadi maziwa makuu na kurudi.

Sasa angalieni siasa za wakati wake. Mwaka 1888 kampuni ya Kijerumani ilikabidhiwa pwani, Bushiri bin Salim akaongoza vita, na Desemba 1889 akanyongwa Pangani. Mwaka 1890 Zanzibar ikawa chini ya ulinzi wa Uingereza. Tarehe 1 Januari 1891 serikali ya Ujerumani ikachukua pwani kutoka kwa kampuni. Bahari ile ile ambayo majahazi ya Sewa Haji yaliivuka siku zote ikawa mpaka wa mataifa mawili. Nyumba Bagamoyo kwa Mjerumani, biashara Unguja kwa Mwingereza, asili India.

Na sheria ya asili nayo ilisafiri na watu wake. Mwaka 1847 mahakama ya Bombay ilikuwa imeamua kwamba Makhoja, ingawa ni Waislamu, wafuate mila zao katika mirathi, na kwa mila hizo mabinti hawakuwa na fungu. Kwa hiyo mtu kama yeye akifa bila kusema kitu, ni nani wa kuamua? Hakimu wa Unguja, bwana mkubwa wa Bagamoyo, au wazee wa jamaa?

Yeye hakusubiri. Alianza kutoa akiwa hai. Alijenga nyumba ya ghorofa Bagamoyo, na mwaka 1896 ikakabidhiwa kwa serikali ya Kijerumani iwe shule, kwa sharti moja: wasome watoto wa rangi zote. Fikirieni sharti hilo, kwa enzi hizo! Ndiyo Shule ya Msingi Mwambao tunayoijua. Alitoa pia fedha za hospitali Dar es Salaam kwa ajili ya Waafrika na Wahindi. Alipofariki Unguja Februari 1897, na miaka 46 haijatimia vizuri, wosia wake uliiachia serikali nyumba na ardhi zake za bara, ili mapato yake yahudumie wagonjwa maskini na wenye ukoma.

Wa pili mnamfahamu: Salme binti Said, binti wa Sultani Seyyid Said. Baba alifariki mwaka 1856 na Salme akapata fungu lake kisheria. Mwaka 1866 akaondoka Unguja, mwaka 1867 akabatizwa Aden na kuolewa na Mjerumani Ruete, akawa Emily. Mume alikufa mwaka 1870 kwa ajali ya tramu Hamburg. Huko ugenini akiwa mjane na watoto watatu akawekewa wasimamizi wa mali, na nyumbani kaka yake, Sultani Barghash, hakumtambua tena kama mrithi wa ndugu zao waliokufa baadaye. Mwaka 1885 alirudi Unguja na meli za kivita za Kijerumani kudai haki yake. Wajerumani walimtumia kumtisha Barghash; walichokitaka ni pwani, na pwani waliipata. Yeye alirudi mikono mitupu, akafia Jena mwaka 1924.

Wapo watakaoniuliza: kwa nini Sewa Haji awaachie mali Wajerumani, watu waliotoka kumnyonga Bushiri? Swali zuri. Nadhani alimtafuta msimamizi asiyekufa, na serikali ilionekana haifi. Ilikufa. Mwaka 1916 Waingereza waliichukua Bagamoyo, na baada ya vita mali za Wajerumani nchini zilinadiwa. Kilichobaki ni kile ambacho watu walikuwa wanakitumia tayari. Shule iliendelea kuwa shule. Hospitali ya Sewa Haji ilibaki na jina lake chini ya Mwingereza, mpaka hospitali mpya ilipofunguliwa mwaka 1956 pale ambapo sasa ni Muhimbili. Na jina likahamia huko: wangapi kati yetu tumepeleka uji wodi za Sewahaji bila kujiuliza huyo Sewahaji ni nani?

Tuje kwetu. Nimekaa kwenye kesi za mirathi nikiandika habari, na hadithi ni ile ile: marehemu alikuwa nje, hati ya kiwanja ina jina la kaka, hakuna maandishi. Sheria zipo. Kwa wanaofuata mila, Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963 linataka wosia wa anayejua kusoma na kuandika uwe na mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja baki. Sasa wewe uliye peke yako Minnesota, shahidi wa ukoo utamtoa wapi? Jibu unalo: siku ukija likizo. Muislamu anaruhusiwa kuusia theluthi tu, iliyobaki ni ya warithi. Na RITA wanatunza wosia. Pia tangu Sheria ya Ardhi ya 1999, asiye raia hamilikishwi ardhi kama raia, kwa hiyo watoto waliozaliwa huko na pasipoti za huko ni jambo la kuulizia kwa mwanasheria mapema, wewe ukiwa bado unapokea simu.

Sewa Haji alikuwa na fedha za kumlipa yeyote ampangie mambo. Lakini kukabidhi shule ukiwa hai, ukataja na sharti lake mbele ya watu, hakuhitaji utajiri wake. Kunahitaji kukaa na ndugu na kutamka yale tunayoyaogopa. Mwenye kiwanja chake Zinga au Kiromo na anasoma haya akiwa mbali: kaka yako anajua unataka kiwe cha nani?