Kufuli lilikuwepo

Watu wakisikia kwamba ninaandika programu, swali linalofuata huwa ni lile lile: "Basi niambie, nitajuaje kama tovuti fulani ni salama?" Kwa muda mrefu nilikuwa na jibu la haraka. Tazama kufuli pale juu kwenye anwani. Likiwepo, endelea. Lisipokuwepo, toka.

Jibu hilo nilimpa hata shangazi yangu mwaka 2019, nikiwa bado chuoni nasomea sayansi ya tarakilishi na nikijiona najua kila kitu. Miaka miwili baadaye alipata ujumbe kwenye simu kuhusu kifurushi kilichokwama. Akabofya kiungo, akaandika nambari ya kadi yake ya benki na zile tarakimu tatu za nyuma. Zikaenda shilingi 14,000. Aliponipigia hakunilaumu. Alisema tu, "Lakini mwanangu, kufuli lilikuwepo. Nililitazama kama ulivyoniambia."

Na kweli lilikuwepo. Niliifungua ile tovuti mwenyewe: cheti chake kilikuwa halali kabisa, hakuna hitilafu yoyote. Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia kile kijialama kilitoka wapi, na kwa nini sisi mafundi tuliwafundisha watu kukiamini. Kaa kitako nikusimulie.

Wavuti ulizaliwa bila siri yoyote. Tim Berners-Lee aliupendekeza mwaka 1989 akiwa CERN kule Uswisi, na lengo lilikuwa wanasayansi kugawana makaratasi yao. Ukurasa ulisafiri kama kadi ya posta: kila mkono unaoipitisha unaweza kuisoma, na mwenye kalamu anaweza hata kuongeza maneno yake. (Hilo la kuongeza maneno usilisahau, tutalihitaji mbele.) Wanasayansi hawakujali. Shida ilianza pale watu walipotaka kuuza vitu.

Tarehe 11 Agosti 1994, duka moja la Marekani liitwalo NetMarket liliuza CD ya mwanamuziki Sting kwa dola 12.48, bila kuhesabu gharama ya kuituma, na nambari ya kadi ya mnunuzi ikasafiri ikiwa imesimbwa kwa programu ya PGP. Gazeti la New York Times liliandika habari hiyo. Ila mnunuzi alihitaji programu maalumu kwenye mashine yake, na mtu wa kawaida hana subira hiyo.

Kampuni ya Netscape ndiyo iliyoitia siri ndani ya kivinjari chenyewe. Navigator ilitoka Desemba 1994, na itifaki yao ya SSL ikatangazwa Februari 1995 ikiwa tayari ni toleo la pili, kwa sababu la kwanza lilikuwa na kasoro na halikutoka nje ya kampuni. Mwanasayansi wao mkuu alikuwa Taher Elgamal, Mmisri aliyefundishwa Stanford na Martin Hellman. Hadi leo huitwa baba wa SSL. Huwa nalitaja hilo kila ninapomsikia mtu akisema Mwafrika hakushiriki kujenga misingi ya intaneti.

Wakati huo hapakuwa na kufuli. Palikuwa na ufunguo, chini kabisa ya dirisha. Ukurasa wa kawaida ulionyesha ufunguo uliovunjika, na ukurasa wenye siri ulionyesha ufunguo mzima. Tena ufunguo huo ungeweza kuwa na jino moja au mawili! Mawili maana yake usimbaji wenye nguvu wa biti 128, moja maana yake usimbaji hafifu wa biti 40. Kwa nini kuwe na hafifu? Sheria za Marekani zilihesabu usimbaji wenye nguvu kuwa ni silaha, na silaha haisafirishwi ovyo. Waliokuwa nje ya Marekani na Kanada, sisi tukiwemo, walipaswa kutumia jino moja.

Jino hilo halikudumu. Agosti 1995 Damien Doligez, mtafiti wa taasisi ya INRIA nchini Ufaransa, aliuvunja ujumbe mmoja wa biti 40 kwa kujaribu funguo moja baada ya nyingine. Alitumia mashine zipatazo 120 pamoja na tarakilishi kubwa mbili, na kazi ikachukua siku nane. Netscape wakajitetea kwamba hiyo ni nguvu nyingi sana kwa ujumbe mmoja, na kwamba toleo la biti 128 liko imara.

Mwezi uliofuata, Septemba 1995, wanafunzi wawili wa Berkeley, Ian Goldberg na David Wagner, waliipasua programu ya Navigator ili waone inatungaje funguo zake. Wakakuta kwamba nambari zilizodaiwa kuwa za kubahatisha zilitokana na vitu vitatu: saa ya mashine, nambari ya programu inayoendeshwa, na nambari ya programu iliyoianzisha. Basi. Mtu anayejua saa na kukisia hizo nambari mbili angeweza kuupata ufunguo haraka sana, hata ule wa biti 128. Ni kama kununua kufuli la chuma kizito kisha uuandike ufunguo wake kwenye kalenda ya ukutani.

Nikisoma kisa hicho huwa naona aibu kidogo. Katika kazi yangu ya kwanza niliandika msimbo wa kutengeneza nambari za kubadilishia nywila, na mbegu niliyotumia ilikuwa saa ya seva. Miaka 25 baada ya Goldberg na Wagner! Aliyekuwa juu yangu kazini aliiona kabla haijatoka, akanitumia kisa cha Netscape bila kuongeza neno.

Miaka iliyofuata naipita haraka. Ufunguo ukageuka kufuli, SSL ikarithiwa na TLS mwaka 1999, na Januari 2000 Marekani ikalegeza zile sheria za silaha. (Mabaki ya ule usimbaji hafifu yaliendelea kulala ndani ya seva hadi mwaka 2015, watafiti walipoonyesha yanavyoweza kuamshwa. Sheria hufutwa, msimbo hubaki.) Benki na maduka yalitumia kufuli, wengine wote wakaendelea na kadi ya posta.

Ukiwauliza wenye tovuti sababu, walikuwa nazo tele. Cheti kiliuzwa kwa makumi au mamia ya dola kwa mwaka. Kila tovuti yenye kufuli ilihitaji anwani yake ya IP. Seva zitalemewa na hesabu. Na lile la kawaida kabisa, ambalo bado nalisikia kazini: "Mimi naandika mapishi ya pilau, siri yangu ni ipi?"

Kwa hiyo hata tovuti kubwa zilikuwa zinafunga ukurasa wa kuingilia tu, ukishaandika nywila wanakurudisha kwenye njia ya wazi. Huko kivinjari chako kilitembea na kuki, kitambulisho kidogo kinachosema "huyu ameshaingia", na kila aliye kwenye waifai ile ile isiyo na nywila aliweza kukinakili. Oktoba 2010 Eric Butler alitoa Firesheep, nyongeza ya kivinjari cha Firefox iliyofanya wizi huo kuwa jambo la kubofya: unakaa mkahawani, majina na picha za watu yanajitokeza pembeni, unabofya jina, umeingia kama yeye. Alitaka kuzitia aibu kampuni, na alifaulu. Gmail ilikuwa imeshahamia HTTPS kwa watumiaji wote Januari mwaka huo, na mhandisi wa Google, Adam Langley, akaeleza kwamba usimbaji ulichukua chini ya asilimia 1 ya kazi ya vichakato vya seva zao za mbele. Hoja ya seva kulemewa ikafa hapo.

Hoja ya pilau iliuawa na Tunisia.

Desemba 2010, baada ya Mohamed Bouazizi kujichoma moto mjini Sidi Bouzid, Watunisia walitumia Facebook kusambaza video za maandamano. Ukurasa wa kuingilia Facebook ulifika kwao kwa njia ya wazi, ingawa nywila yenyewe ilitumwa kwa njia iliyofungwa. Mafundi wa siku hizo wangekuambia hiyo yatosha. Sasa kumbuka kadi ya posta na kalamu. Ukurasa ulipokuwa njiani, watoa huduma za intaneti nchini humo waliupachika mistari michache ya JavaScript, na mistari hiyo ilinakili jina na nywila kabla hazijafungwa. Si mkahawa mmoja, ni nchi. Januari 2011 Facebook ikajibu kwa kuwapitisha Watunisia wote kwenye HTTPS, na kuwataka watambue picha za marafiki zao kabla ya kurudishiwa akaunti. Rais Ben Ali alikimbia tarehe 14 mwezi huo. Facebook iliwapa watumiaji wengine chaguo la HTTPS mwezi ule ule, lakini haikuifanya kuwa kawaida kwa wote hadi 2013.

Kwa hiyo ukurasa wa pilau hauna siri, sawa, lakini unapita mikononi mwa watu, na mistari ile ingeweza kupachikwa humo vile vile.

Unadhani wenye tovuti walishawishika? Wapi! Kilichowasukuma ni mtambo wa kutafuta. Tarehe 6 Agosti 2014 Google ilitangaza kwamba HTTPS itahesabiwa katika kupanga matokeo. Walisema wazi ni kigezo chepesi, kinachogusa chini ya asilimia 1 ya utafutaji. Haikujalisha. Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa, mwaka 2018, ilikuwa kuhamishia duka moja kwenye HTTPS. Nilimweleza mwenye duka habari za Tunisia, akapiga miayo. Nilipomwambia "utashuka kwenye Google", akauliza nitaanza lini. Sipendi kampuni moja iwe na nguvu ya namna hiyo, na nimebishana na wenzangu hadi usiku juu yake. Lakini siwezi kudai kwamba sisi wengine, kwa hoja zetu nzuri, tungefika.

Bei ya cheti nayo iliondolewa na Let's Encrypt, mradi wa watu wa Mozilla, EFF na Chuo Kikuu cha Michigan, uliofunguliwa kwa umma tarehe 3 Desemba 2015. Cheti ni bure, hudumu siku 90, na programu inakihuisha yenyewe. Mwanzoni mwa 2017 nusu ya kurasa zilizofunguliwa kwa Firefox zilikuwa za HTTPS. Julai 2018 Chrome 68 ikaanza kuandika "si salama" kwenye kila tovuti iliyobaki nje.

Wapinzani walionya: vyeti vya bure vitachukuliwa na walaghai. Let's Encrypt wakajibu, hata kabla ya kufungua milango, kwamba mtoa cheti si polisi wa yaliyomo. Cheti kinathibitisha kwamba unazungumza na anwani ile iliyoandikwa pale juu na kwamba hakuna anayesikiliza wala kuandika katikati. Pande zote mbili zilikuwa sahihi, na katikati yao alikuwa amekaa shangazi yangu. Tulipokuwa tukisema "tazama kufuli", kufuli lilikuwa ghali na mlaghai hakulihangaikia. Tukalifanya bure kwa wote, nikaendelea kutoa ushauri ule ule. Mwaka 2019! Nilikuwa naandika programu na sikuona.

Google walipofanya utafiti mwaka 2021 walikuta ni asilimia 11 tu ya walioshiriki walioelewa kufuli lina maana gani. Septemba 2023, katika Chrome 117, wakaliondoa na kuweka alama ya vistari viwili vyenye vidude vya kusogeza.

Shangazi alinipigia mwishoni mwa mwaka huo kwa wasiwasi: kufuli limepotea, je, ameingiliwa tena? Jumamosi nikaenda kwake. Tuliitafuta ile anwani ya kifurushi kwenye ujumbe wake wa zamani, nikamwonyesha kwamba jina la kampuni lilikuwa mwanzoni tu, na mwenye tovuti ni yule anayetajwa mwishoni, kabla ya mkwaju wa kwanza. Akaandika hilo nyuma ya kalenda. Kisha akauliza vistari viwili ni vya nini. Nikamwambia avibofye.

Akalitazama kufuli lililotokea pale ndani. "Kumbe mmelificha tu," akasema.