Waraka Mweupe wa 1939

Tamko la sera ya Uingereza kuhusu Palestina, lililotolewa Mei 1939 chini ya Waziri wa Makoloni Malcolm MacDonald, uasi wa Waarabu ulioanza 1936 ukielekea kuzimwa. Liliruhusu Wayahudi 75,000 tu kuhamia huko kwa miaka 5. Baada ya hapo idhini ya Waarabu ingehitajika. Liliahidi pia dola huru ndani ya miaka 10. Kamati Kuu ya Waarabu ililikataa. Wazayuni waliliona usaliti wa Azimio la Balfour la 1917, ambamo Uingereza iliunga mkono makao ya kitaifa ya Wayahudi huko Palestina. Kibaya zaidi ni wakati wake: mlango ulibanwa Wayahudi wa Ulaya walipokuwa wakimkimbia Hitler. Februari 1942 meli ya Struma, ambayo abiria wake walinyimwa vibali vya kuingia Palestina, ilizamishwa katika Bahari Nyeusi. Zaidi ya wakimbizi 760 walikufa.