Kisu cha kukunja cha nyumbani: ni 1943 au 1948?

Najua nimekuwa kimya, na wale mnaosubiri sehemu ya pili ya somo la hifadhidata mtaniwia radhi. Nilikuwa nyumbani Kakamega kwa majuma mawili, na badala ya kuandika msimbo nilikuwa nikisoma kisu. Ndiyo, kisu. Kwa hivyo leo tuweke programu kando kidogo, ingawa mtaona hatuendi mbali nazo.

Kisa chenyewe ni hiki. Ukoo wetu unaandaa kijitabu cha historia, na baba mdogo ndiye mwandishi mkuu. Mimi, kwa kuwa "ni mtu wa tarakilishi", nilipewa kazi ya kuchapa na kupanga picha. Kwenye rasimu kulikuwa na picha ya kisu cha kukunja chenye mpini mweusi, na chini yake maneno: "Kisu cha mzee wetu aliyerudi nacho kutoka Kariakoo." Mzee huyo ni babake guga (babu yangu). Alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi katika vita vya 1914 hadi 1918, lile jeshi la wapagazi lililoacha jina la Kariakoo kule Nairobi na Dar es Salaam. Alirudi akiwa hai, na sote tumekua tukisikia habari zake.

Shangazi mmoja, senje tunavyomwita, ndiye mwenye kukitunza kisu. Alinipa kikiwa kimefungwa katika kitambaa, akasema tu: "Mwanangu, kitazame vizuri kabla hujachapa." Hakuongeza neno.

Nilikuja kujua baadaye kwa nini. Babake senje, yaani kakake mkubwa wa guga, alisema maisha yake yote kwamba alikwenda Bama na KAR. Hakuwa na medali wala karatasi. Watu walimcheka, wakasema miaka ile alikuwa akichimba dhahabu hapa hapa Rosterman. Alifariki akiwa na jina la muongo. Na senje alisikia tangu utotoni kwamba kisu kilikuwa cha babake.

Mzee mmoja wa 1917 na mwingine wa 1944, kisu kimoja. Je, chuma kinaweza kusema?

Sheria moja ya kwanza

Mtu akitaka kujua umri wa kitu, hukimbilia kuuliza "ni cha mwaka gani?" Swali bora ni "hakiwezi kuwa cha kabla ya mwaka gani?" Kila alama kwenye kisu inakupa mpaka wa chini. Ukiwa na alama tano, mpaka wa kweli ni ule wa karibuni zaidi kati ya hiyo mitano. Wenzangu wa programu wataelewa: ni sawa na kukuta faili inayotumia maktaba ya toleo la 2.0. Hata mwenye faili akiapa aliiandika zamani, haiwezi kuwa imeandikwa kabla ya toleo hilo kutoka.

Mpaka wa juu hautoki kwenye chuma. Unatoka kwa watu: nani alikiona, lini.

Usafi kabla ya kusoma

Usitumie msasa wala mashine ya kunolea. Binamu yangu mmoja aliwahi kukinoa kwa mashine, na nusu ya jina la mtengenezaji ikaenda na cheche. Mimi nilipaka mafuta mepesi, nikaacha usiku kucha, nikafuta kwa kitambaa. Kisha nikapaka unga wa chaki kwenye bapa na kuufuta juu juu, ili ubaki ndani ya maandishi peke yake. Tochi ishikwe chini kabisa, mwanga ulale juu ya chuma, maana mwanga wa kutoka juu unafuta kila kitu.

Alama na maana yake

Kabla sijasema nilichokiona, hizi hapa alama ambazo mtu wa Afrika Mashariki anaweza kuzikuta kwenye kisu cha babu yake.

1. *Jina la nchi.* Uingereza ilipitisha sheria ya alama za bidhaa mwaka 1887, kwa kiasi kikubwa kwa sababu mafundi wa visu wa Sheffield walilalamika kwamba visu vya Ujerumani vinauzwa kwa jina lao. Ndipo maneno "Made in Germany" yalipoanza kusambaa. Sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 nayo ikataka kila bidhaa inayoingia kwao iandikwe nchi ilikotoka. Kwa hivyo kisu chenye neno "England" kwa kawaida ni cha miaka ya 1890 au baadaye.

2. *Herufi za mfalme.* Kampuni ya Joseph Rodgers ya Sheffield, yenye alama ya nyota na msalaba, iliweka taji na herufi za mtawala kwenye visu vyake. V na R ni Malkia Victoria, 1837 hadi 1901. E na R ni Edward wa Saba, hadi 1910. Lakini jihadhari na G na R: baada ya 1910 walitawala akina George wawili, na karne moja kabla yao walikuwapo wengine.

3. *Okapi.* Kile kisu cha mpini wa mbao chenye mwezi na nyota za chuma kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya soko la makoloni yake Afrika. Mnyama mwenyewe wa misitu ya Kongo alitambuliwa na wanasayansi mwaka 1901 tu, kwa hivyo jina lilikuwa habari moto. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 kinatengenezwa Afrika Kusini. Ukikuta Okapi iliyoandikwa Afrika Kusini, usimwambie mtu ni ya enzi za Mjerumani.

4. *Chuma kisichoshika kutu.* Harry Brearley wa Sheffield alikipata mwaka 1913. Bapa la namna hiyo haliwezi kuwa la karne ya 19. Usijaribu kwa sumaku, kwani chuma hiki cha visu nacho hunaswa na sumaku.

5. *Mshale mpana.* Huu ni mshale mfupi wa mistari mitatu, kama unyayo wa kuku. Ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Ukiwa ndani ya herufi C ni mali ya Kanada, ndani ya U ni Muungano wa Afrika Kusini, na ukiwa na I ni India. Mishale miwili inayotazamana ncha kwa ncha maana yake ni kwamba mali imetolewa jeshini na kuuzwa.

Tulichokiona

Kisu chetu kina bapa moja, kifungua kopo, na sindano nene ya chuma upande wa mgongo ya kulegezea mafundo ya kamba. Mpini ni mweusi wenye vijimiraba. Hiki ni kisu cha jeshi la Uingereza, kisu kilichotolewa kwa askari katika vita vyote viwili. Umbo pekee basi halikuweza kuamua kesi, na baba mdogo alifurahi kusikia hivyo.

Kwenye bapa, mshale mpana mmoja, hauna C wala U. Hakuna mshale wa pili wa kutazamana nao. Chini yake herufi "SHEFF", nyingine zimeliwa na mashine. Kisha tarakimu nne: 1, 9, 4, na ya mwisho imechakaa. Ni 3 au ni 8.

Hapo ndipo usingizi ulipopotea. Ile 4 peke yake ilikuwa imeshamaliza kesi ya kwanza. Mzee wa Kariakoo alifariki mwaka wa nzige, 1931, mwaka uleule dhahabu ilipogunduliwa huku Kakamega. Hakuweza kubeba kisu cha miaka ya arubaini. Lakini kama ni 1948, vita vilikuwa vimekwisha miaka mitatu, na babake senje anabaki muongo vilevile.

Mpaka wa juu haukusaidia kutenganisha. Senje alizaliwa 1946, na anakumbuka kisu kikimenya miwa kabla hajaanza shule. Miaka yote miwili inaingia hapo.

Nilikiweka kwenye skana ya cyber moja mjini, nukta 1200 kwa inchi, mara nne, kila mara nikikigeuza robo duara, kwa sababu taa ya skana hutoka upande mmoja na kivuli hubadilika. 3 na 8 zinatofautiana upande wa kushoto tu: 8 imefungwa, 3 iko wazi. Katika picha mbili ambazo mwanga uliingia kutoka kushoto, niliona chuma kitupu upande huo, bila mfereji wa muhuri.

Lakini mimi nilitaka iwe 3. Mtu anayetaka jibu hulipata, na kila aliyewahi kujaribu programu yake mwenyewe anajua hivyo. Basi nikamwita mpwa wangu wa darasa la sita, asiyejua kisa, nikampa picha nne moja moja bila mpangilio. Alisema "tatu" mara tatu, na moja akasema "haionekani". Nikaandika 1943.

Kisu hakisemi nini

Hakisemi nani alikibeba. Hakuna jina lililochongwa. Kukosekana kwa mishale ya kutazamana kunaonyesha hakikupigwa muhuri wa kuuzwa, lakini mali nyingi za jeshi ziliuzwa au kupotea bila muhuri.

Kinachoweza kusemwa ni kwamba mwaka unaafikiana na maneno ya marehemu. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipelekwa Ceylon mwaka 1943, na katika nusu ya pili ya 1944 ikapigana kwenye mvua na malaria za bonde la Kabaw huko Bama, hadi mto Chindwin. Kisu kilichotoka Sheffield mwaka 1943 kingeweza kabisa kufika kiunoni mwa askari wa divisheni hiyo.

Nilipoyasoma haya mbele ya wazee, baba mdogo aliuliza kwa uchungu: "Sasa mzee wa Kariakoo tumemwachia nini?" Swali la haki. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vya kwanza, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, huenda hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Hao ndio waliokufa. Waliorudi kwa miguu yao kama yeye hawana hata orodha ya kukosekana. Tuliamua ukurasa wake ubaki, urefu uleule, bila kisu.

Maneno ya chini ya picha sasa ni haya: "Kisu cha jeshi la Uingereza, Sheffield, 1943. Kililetwa nyumbani na mzee wetu aliyesema alikwenda Bama."

Nilimwomba senje radhi kwa lile neno "aliyesema", nikamweleza kwamba siwezi kuandika zaidi ya ushahidi nilio nao.

"Liache," akasema, akikifunga kisu katika kitambaa chake. "Miaka yote hawakuandika hata kwamba alisema."

Haya, mpaka hapo. Kama una kisu cha babu kabatini, kipake mafuta, kitie chaki, na mwite mtoto asiyejua hadithi akusomee. Juma lijalo turudi kwenye hifadhidata, naahidi.