Kinga na Mavazi Yake: Historia ya Lubumbashi Juu ya Magurudumu Mawili

Ukisimama asubuhi na mapema ku njia ya Kasenga, pale inapoingia mu mji wa Lubumbashi, utaona msururu wa kinga. Kila moja imebeba magunia ya makala: mawili, matatu, hata manne. Mwenyewe hakuikalia. Anaisukuma kwa miguu, kifua kimeinama, jasho linamtoka hata mu baridi ya mwezi wa sita. Wenye magari wanampigia honi. Wapita njia hawamwangalii. Jioni kila nyumba inawasha mbabula, bukari inapikwa, na hakuna anayeuliza yale makala yalifikaje.

Siku moja mu darasa letu la historia, mwanafunzi mmoja alichekwa na wenzake kwa sababu baba yake alionekana akisukuma kinga ya makala. Hatukumwadhibu mtu. Tuliwapa wote kazi ya nyumbani: kila mmoja aende kuuliza wazee wake, kinga ya kwanza ya jamaa ilinunuliwa wakati gani, ilivalishwa nini, na leo iko wapi. Majibu yao, pamoja na yale tuliyoyaona sisi wenyewe kwetu, ndiyo yaliyotusukuma kuandika kurasa hizi.

Kwanza tuseme juu ya jina. Mu Kiswahili cha vitabu, kinga ni kitu cha kujikinga nacho, na chombo chenyewe kinaitwa baiskeli. Sisi watu wa Katanga tunasema kinga, na jirani zetu Wabemba wanasema incinga. Mwalimu anaandika "baiskeli" kwa wino mwekundu mu daftari ya mwanafunzi, halafu saa ya kutoka anauliza mwenzake: "Nani alikamata kinga yangu?" Hatuoni haya kwa hilo. Tena, kwa jamaa nyingi za mji huu, kinga ilikuwa kinga kweli kweli: iliwakinga na njaa.

Chombo hiki kilikuja kwetu kutoka mbali, lakini nchi yetu ilikilipia mapema. Mwaka 1888, John Boyd Dunlop wa Belfast aliandikisha uvumbuzi wake wa tairi la kujazwa hewa. Miaka iliyofuata, watu wa Ulaya na Marekani walishikwa na hamu ya baiskeli, na bei ya mpira ikapanda. Wakati ule ule, Dola Huru la Kongo la mfalme Leopold II (1885-1908) lilikuwa likilazimisha watu kuleta mpira wa porini. Vijiji vilichomwa, watu waliuawa, wengine walikatwa mikono. Watu wa misitu ya Equateur walijua uzito wa tairi kabla ya kuona gurudumu. Hilo wanafunzi wetu hawakulijua, na tunaona ni vizuri walijue kila wanapopiga pompi.

Sasa turudi ku mji wetu. Reli ilitoka kusini, ikapita Rhodesia, ikafika Élisabethville mwaka 1910. Mwaka 1911 Union Minière ilianza kuyeyusha shaba, na kazi ikavuta watu kutoka pande zote. Mji ulipangwa kwa kutenganisha: Wazungu katikati, Waafrika mu kambi za kazi na mu cité. Kamalondo ilikuwa karibu, lakini mji ulipopanuka, Katuba na Ruashi zikajengwa mu miaka ya 1950, na Ruashi ikawekwa mbali zaidi. Kutoka Ruashi mpaka katikati ya mji ni karibu kilomita 10. Kwa miguu, kwenda na kurudi kulikula saa nne nzima za mtu ambaye tena alipaswa kusimama ku kazi siku mzima. Kwa hiyo kinga haikuwa mchezo. Ni ule mpango wa mji wenyewe uliofanya kinga iwe ya lazima.

Nkambo wetu alinunua Raleigh, ile iliyotengenezwa Nottingham kule Uingereza, kwa akiba ya miaka. Wazee walioulizwa na wanafunzi wetu wanasema karibu neno moja: "Ile wakati mwenye kinga alikuwa mutu." Kinga, mashine ya kushona na gramofoni vilikuwa mali ya nyumba yenye kusimama vizuri. Na kinga haikuachwa uchi. Ilivalishwa.

Tuhesabu mavazi yake. Mbele, taa yenye kuwashwa na dinamo, ile chupa ndogo ya chuma inayosuguana na tairi. Ukikanyaga pedali sana, njia inaangaa, ukisimama, giza. Ku gido, kengele, na wengine waliongeza kioo cha kuangalia nyuma. Ku kadre, pompi yake. Juu ya mnyororo, kifuniko cha bati ili grisi isichafue suruali, maana mtu alikwenda ku kazi na suruali iliyopigwa pasi. Juu ya magurudumu, vikinga-matope, na kile cha nyuma kiliongezwa kipande cha mpira kinachoning'inia ili tope la masika lisiruke mgongoni. Juu ya sele, kitambaa alichoshona mama. Nyuma kabisa, portibagaje yenye springi ya kubana gameli ya chakula. Tena ile plaki ya kodi, ambayo bila yenyewe mtu hakuwa na amani njiani.

Kila kitu hapo kilikuwa na sababu. Taa ilikuwa ya mtu wa zamu ya usiku. Gameli ilikuwa ya mtu asiye na mahali pa kula karibu na kazi. Kifuniko cha mnyororo kilimlinda karani kama kilivyomlinda mtumishi wa nyumbani. Ukiangalia kinga imesimamishwa ku ukuta, uliweza kujua mwenyewe anafanya kazi gani, na saa ngapi anarudi. Lakini pia kulikuwa na fahari, tusifiche. Siku ya Yenga kinga ilioshwa, vyuma vyembamba vya magurudumu vikasuguliwa kimoja kimoja, mama akapanda nyuma kwa upande, jamaa ikaenda kusalimia. Watoto walisikia kila siku: "Usiguse kinga ya baba!"

Baba yetu alirithi ile Raleigh. Alikuwa seremala, na tunamkumbuka mu miaka ya 1980 akitoka alfajiri, misumeno imefungwa ku kadre kwa ngozi, kengele ikilia mara mbili ku kona ili mama ajue amekwisha kuvuka barabara. Ile kengele ndiyo ilikuwa saa yetu ya kuamka.

Halafu mambo yaliharibika. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Mu Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, ulibomoka. Mwaka 1991 yakaja maporo mu miji ya nchi. Mwaka 1994 shaba ya Gécamines ilikuwa imeshuka chini ya tani 40,000. Mji uliojengwa juu ya shaba ulianguka pamoja na shaba, hata kwa wale ambao hawakuchimba. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameeleza, mu kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya jamaa za wafanyakazi wa Katanga, namna baba aliyekuwa mlezi wa nyumba alivyopoteza nguvu ile, na namna mama na watoto walivyoingia mu kutafuta chakula. Sisi tuliyaona hayo ku kinga ya nyumbani.

Mshahara wa baba ulipokatika, dinamo iliuzwa ya kwanza. Halafu taa. Kifuniko cha mnyororo kilitolewa kwa sababu kilizuia kamba. Vikinga-matope vilitolewa kwa sababu gunia liliviponda. Kengele ilikaa muda, mwishowe ikavunjika, na hakuna aliyeitengeneza. Hivyo kinga ya kazi ilivuliwa mavazi yake yote. Lakini haikubaki uchi. Ilivalishwa mapya.

Fundi wa kinga, aliyekaa chini ya mwembe pale kona yetu, ndiye aliyekuwa mshonaji wa mavazi hayo. Alikata vyuma vya beto, akasude portibagaje mpya, ndefu na pana, miguu yake ikikaa ku ekseli ya nyuma na si ku kadre. Uma wa mbele aliufunga vyuma viwili pembeni, maana ndio unaovunjika kwanza mtu akigonga shimo na mzigo. Mu tairi alitia tairi la zamani lililokatwa kando, likawa mbili mu moja, ili mwiba usifike ku mpira wa ndani. Mipira ya ndani iliyokufa aliikata vipande virefu, ikawa kamba. Hakuna kamba ya dukani inayobana gunia namna ile, maana inavutika na kurudi. Breki za vyuma ziliondolewa. Mtu alifunga kwa kandambili, akiikandamiza ku tairi kwa mguu. Mwisho, fimbo mbili. Moja ilifungwa ku gido ili mtu aongoze akiwa kando. Nyingine ilisimama nyuma ya sele, ya kusukumia. Na fimbo ya tatu, yenye panda, ilichukuliwa mkononi ya kuegemeza kinga wakati wa kupumzika, kwa sababu kinga yenye magunia matatu ikilala chini, mtu mmoja haiinui.

Mtu asifikiri hiyo ni akili ndogo. Mwaka 1954, ku vita vya Dien Bien Phu kule Vietnam, maelfu ya watu walisukuma baiskeli za namna hiyo hiyo, na fimbo ku gido na fimbo nyuma ya sele, kila moja ikibeba zaidi ya kilo 200 za mchele na risasi, mpaka jeshi la Ufaransa likashindwa. Vitabu vya historia vinawasifu. Kule Goma, chukudu ya mbao inayobeba viazi na kuni imejengewa sanamu kubwa mu mji tangu mwaka 2009. Kisangani wana toleka, kinga za kubeba watu, na jina lenyewe wanalisema kwa majivuno. Sisi wa Lubumbashi bado hatujaipatia kinga ya makala heshima ya namna hiyo. Tunaipigia honi.

Hapa inatupasa kusema ukweli wetu. Tulipokuwa mu sekondari, sisi pia tulisukuma. Baba alikuwa akienda Kipushi, karibu kilomita 30, kutafuta unga uliotoka Zambia, na siku za likizo tulimfuata. Yeye alishika gido, sisi fimbo ya nyuma. Siku moja, tukiingia mu mji, tuliona wenzetu wa darasa wakija mbele yetu. Tuliachilia fimbo, tukajificha nyuma ya ukuta. Kinga ikayumba, gunia moja likapasuka, unga ukamwagika chini. Baba hakutukemea. Alipiga magoti, akaanza kuuchota kwa mikono, ule wa juu usio na mchanga. Tulitoka kumsaidia wenzetu walipokwisha kupita. Ni unga ule uliolipa karo ya muhula, na ni masomo yale yaliyotufikisha ku chuo cha ualimu. Kwa hiyo, siku mwanafunzi wetu alipochekwa, tulijua vizuri sana anaona nini moyoni.

Lakini heshima isitufanye tufumbe macho. Makala yanakula miombo. Wasukumaji wanatuambia kwamba kila mwaka wanatafuta miti mbali kuliko mwaka uliopita. Aliyekuwa akirudi siku ile ile, leo analala njiani. Maadamu umeme haufiki mu nyumba nyingi, au unafika na kukatika, mbabula itaendelea kuomba, na kinga itaendelea kujibu. Kumlaumu mwenye kusukuma peke yake ni kumlaumu punda kwa uzito wa mzigo. Na siku hizi pikipiki zimechukua sehemu kubwa ya kazi ya kinga, kubeba watu na hata magunia. Vijana wanajifunza kutengeneza injini, na wale mafundi wa chini ya mwembe wanapungua. Wakienda, wataenda na ujuzi wao, maana hawakuuandika popote.

Majibu ya wanafunzi wetu tuliyasoma mbele ya darasa zima. Karibu wote walikuta kinga mu historia ya nyumba yao: ya mchuuzi wa samaki, ya katekista, ya mpishi, ya mchimbaji. Yule aliyekuwa akicheka zaidi alirudi na habari kwamba nkambo wake alisukuma makala mpaka mwaka 2006, na kwamba nyumba wanayokaa ilijengwa na makala hayo. Hakuna aliyemcheka.

Tunaomba basi mambo mawili kwa wasomaji wetu. La kwanza, kila mtu aulize wazee wake juu ya kinga ya jamaa, aandike jina la kila kipande kwa Kiswahili chetu cha hapa, na kazi yake. La pili, aliye na kinga ya zamani asiiuze kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu kabla ya kufikiria Musée ya mji wetu. Ile Raleigh ya nkambo tungali nayo, imeegemea ukuta wa uani. Ku uma wa mbele, kati ya vyuma viwili vya fundi, bado kuna kile kishikizo kidogo cha dinamo. Baba hakukubali kikatwe. Alisema, mshahara ukirudi, taa itahitaji mahali pa kukaa.