Seva iliyo mezani

Mtajie fundi wa kompyuta neno "seva", naye atawaza chumba chenye kipoza hewa na mashine zinazonguruma mbali huko. Lakini kwenye Linux ipo seva inayokaa mezani kwako: ile inayoonyesha madirisha kwenye skrini na kupokea kila unachobonyeza kwenye kibodi na kipanya. Wateja wake ni programu, ambazo hubisha hodi kwake kila zinapotaka kuonekana. Ndivyo ulivyoundwa mfumo wa X, uliozaliwa MIT mwaka 1984. Toleo lake la 11, la mwaka 1987, ndilo lililodumu.

Wayland, mfumo mbadala wa X aliouanzisha Kristian Høgsberg mwaka 2008, ilipunguza msururu. Katika X, kazi ya kuunganisha picha za madirisha yote kuwa skrini moja ilifanywa na programu ya pembeni. Wayland ikampa muunganishi huyo useva wenyewe. Nilijaribu kumwita "mpangaji", nikaacha: msomaji angeuliza kodi inalipwa lini.

Kuhama si kazi kubwa. Mara nyingi, mifumo yote miwili ikiwapo, unachagua Wayland kwenye skrini ya kuingilia kabla ya kuandika nywila, basi. Programu za kale, zisizojua lugha mpya, hupitia XWayland. Hapo ndipo neno letu linapochekesha: XWayland ni seva ya X kamili, ila mbele ya Wayland nayo ni mteja tu.